Usiku Ulikuwaje? Shwari Tu

Ilikuwa inakaribia saa 12 asubuhi, siku moja ya mwanzoni mwa Novemba, nami nilikuwa nimesimama na kidumu changu nje ya geti la nyumba za kupangisha pale Shanty Town, Moshi, nikimsubiri mama anayeniuzia maziwa. Mlinzi wa usiku alikuwa anavua koti lake zito, na mwenzake wa mchana ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye baiskeli. "Usiku ulikuwaje?" akauliza aliyefika. "Shwari tu," akajibu anayeondoka, akamsogezea daftari, na mwenzake akatia sahihi huku mkono wa pili ukiwa bado umeshika usukani wa baiskeli. Hakuutazama ukuta, hakulitazama geti, wala hakuiona taa ya kona ya nyuma iliyokuwa imezima.

Makabidhiano yote hayakumaliza nusu dakika.

Hakuna kilichoibwa, na sina neno na vijana wale, kwani hawakufanya lolote ambalo mimi sijalifanya. Lakini lile neno lilinifuata hadi nyumbani, likakaa nami wiki baada ya wiki. Shwari ni neno la bahari. Watu wa pwani walilitumia kwa maji yaliyolala, yasiyo na upepo wala wimbi, likasafiri hadi huku chini ya mlima, na leo kijana ambaye hajawahi kuonja maji ya chumvi hulitamka anapokuwa hana la kueleza. Mimi nililitamka nikiwa baharini kwenyewe, usiku mmoja ambao nilikuwa na mengi sana ya kueleza.

## Daraja lipi?

Desemba mpwa wangu alipanda kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi, kama afanyavyo kila Mchaga aliyejaliwa nauli, akiwa na habari kwamba amemaliza mafunzo ya awali ya wanamaji na kwamba mwaka mpya ungemkuta melini. Baada ya shikamoo na habari za safari akasema moja kwa moja kilichomleta sebuleni kwangu: "Mjomba, nataka unifundishe zamu ya darajani." Dada yangu, aliyekuwa akichambua mchele, akainua kichwa akauliza ni daraja lipi hilo, la Kikavu? Ilibidi tumweleze kwamba daraja la meli ni kile chumba cha juu chenye vioo mbele, wanakosimama afisa wa zamu, mshika usukani na mwangalizi, na kwamba hakuna mto unaopita chini yake.

Mambo ya kukariri tuliyamaliza kwa jioni moja. Taa nyekundu ubavu wa kushoto, ya kijani ubavu wa kulia, kila moja ikimulika upinde wa nyuzi 112.5 kuanzia mbele. Nyeupe ya nyuma nyuzi 135. Ukizijumlisha tatu hizo unapata duara zima la 360, kwa hiyo popote utakapokuwa utaona walau moja. Maili ya bahari ni mita 1,852, karibu sawa na dakika moja ya latitudo. Noti moja ni maili moja kama hiyo kwa saa. Na kwa kuwa dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa, meli ya noti 10 humaliza maili nzima kabla chai yako haijapoa. Mwelekeo hutamkwa kwa tarakimu tatu, moja moja, "sifuri-tisa-sifuri", na mshika usukani huirudia amri neno kwa neno ili aliyeitoa asikie kama ilifika salama. Saa za melini nazo huandikwa kwa tarakimu nne kuanzia usiku wa manane, jambo ambalo kwetu sisi tunaohesabu saa tangu jua linapochomoza si dogo hata kidogo: saa kumi alfajiri ni 0400, saa kumi jioni ni 1600, na 1000 ni saa nne asubuhi. Nimewahi kuona mtu mzima akikosa zamu yake kwa sababu hiyo.

Kijana ana kichwa chepesi. Kufikia chakula cha usiku alikuwa ananisahihisha mimi.

## Kibo peke yake haitoshi

Kesho yake alfajiri, mlima ukiwa bado haujajifunika mawingu, tulipanda juu ya paa la zege tukiwa na dira ya mkononi, penseli na ramani ya karatasi. Nikamtaka aniambie tuko wapi bila kugusa simu.

Alielekeza dira kwenye Kibo, akapata karibu kaskazini kamili, akachora mstari kutoka kileleni kuja kusini, kisha akaweka kidole Moshi mjini. Nikamuuliza kwa nini tusiwe Kibosho, au kule kwenye miwa ya TPC, maana mstari wake ulikuwa unapita karibu na kote huko. Alama moja hukupa mstari tu. Akageukia Mawenzi, lakini Mawenzi na Kibo, ukivitazama ukiwa Moshi, vimepishana kwa nyuzi ishirini na kitu, na mistari yake hukutana kwa mshazari kama makali ya mkasi unaokaribia kufungwa. Mkono ukitikisika kidogo tu, makutano yanateleza mbali. Mabaharia hupenda alama zinazokata karibu na pembe mraba, na huwa na mashaka na zile zilizo chini ya nyuzi 30. Ndipo alipoukumbuka Mlima Meru, ulioko magharibi yetu, karibu nyuzi 280, ambao mstari wake uliukata ule wa Kibo vizuri kabisa. Nikamwonya kwamba Meru iko zaidi ya kilomita 60 kutoka hapa, na kwa umbali huo kosa la nyuzi moja linakusogeza zaidi ya kilomita moja.

Mistari yake mitatu haikukutana mahali pamoja. Ilifanya pembetatu nyembamba, na kijana akaanza kuufuta ule wa Mawenzi ili auchore upya upite palepale penye makutano ya mingine miwili.

Hapo nikamshika mkono.

Pembetatu ile ndiyo habari aliyokuwa nayo. Ilikuwa inamwambia kwamba mahali fulani, katika dira, katika macho yake au katika penseli, kuna kosa la ukubwa fulani. Akiinyoosha ili ipendeze, ramani itaonekana ya mtu hodari, na atakayemrithi kwenye meza hiyo hatakuwa na njia yoyote ya kujua kwamba kosa lilikuwepo. Nilimwambia hayo kwa ukali kuliko nilivyokusudia, naye akanitazama kwa mshangao. Nadhani sikuwa nasema naye peke yake.

## Dirisha la kosta

Siku mbili baadaye tulikuwa na shughuli Arusha, tukapata viti vya mbele kabisa kwenye kosta, yeye akiwa upande wa dirisha. Ukishapita Boma Ng'ombe nchi inafunguka, na kuna njia za vumbi zinazoingia barabara kuu kutoka kushoto na kulia. Nilimwambia achague bodaboda yoyote inayokuja kwenye njia kama hizo, akumbuke iko sehemu gani ya kioo, kisha asitikise kichwa.

Ya kwanza ilirudi nyuma kwenye kioo, dakika si nyingi tukawa tumeshaipita. Ya pili ilisogea mbele, ikavuka barabara mbali mbele yetu. Ya tatu, iliyobeba magunia, ilijibanza nyuma ya nguzo ya dirisha na haikutoka hapo. Ilikuwa inakua tu, kwanza vumbi, kisha taa, kisha uso wa dereva. "Mjomba, haihami," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Dereva wetu akapiga honi ndefu, bodaboda ikasimama ukingoni magunia yakiyumba, na kondakta akatuuliza kama sisi ni trafiki.

Sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinasema jambo hilohilo: ikiwa mwelekeo wa dira wa chombo kinachokaribia haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, chukulia kwamba hatari ya kugongana ipo. Zinaongeza kwamba penye shaka, hatari ihesabiwe kuwa ipo, na kwamba dhana zisijengwe juu ya habari haba. Kwa macho ya kosta maana yake ni rahisi. Mti ulio kando ya njia lazima urudi nyuma kadiri unavyosonga. Kitu kinachoganda palepale kiooni huku kikikua, ama kiko mbele yako kabisa, ama nacho kinasafiri kwenda mahali mnapokwenda kukutana.

Tuliporudi jioni hiyo, alikuwa bado anatazama nguzo ya dirisha.

## Mvuvi aliyetia nanga

Sasa niseme nilichokuwa nakizunguka.

Miaka mingi iliyopita, katika meli ambayo sitaitaja, nilipanda darajani kupokea zamu ya 0000 hadi 0400. Nilifika dakika tano kabla, ilhali nilijua kwamba macho huhitaji dakika 20 au 30 kuzoea giza na kwamba ndiyo sababu anayepokea hutakiwa kupanda mapema, akae kimya kwenye kona mpaka usiku uanze kuonekana. Mwenzangu alikuwa amechoka na alitaka kulala. Akanipa mwelekeo, mwendo wa noti 10, kisha akanyoosha kidole: "Ile taa ya kulia ni mvuvi ametia nanga. Kuko shwari." Nikasema nimepokea. Nilitazama upande ule kwa macho yaliyotoka kwenye mwanga wa ngazi, nikaona nukta nyeupe, nikamwona na mvuvi juu yake.

Mwenzangu hakunidanganya, na hilo ndilo lililonichukua miaka kulielewa. Meli ya urefu wa mita 20 na chini ya mita 50 hutakiwa kuwa na taa nyeupe ya mlingoti inayoonekana maili 5, lakini taa zake za ubavuni hutakiwa kuonekana maili 2 tu. Akiwa umbali wa maili nne hivi, aliona kila kilichoweza kuonekana, yaani taa nyeupe moja. Chombo kidogo kilichotia nanga nacho huonyesha taa nyeupe moja. Kati ya majibu mawili akachagua lililomruhusu kwenda kulala, akanikabidhi jibu lake, na kile alichokiona akashuka nacho chini.

Robo saa ikapita. Mwangalizi wetu, kijana mwenye umri kama wa mpwa wangu leo, akasema, "Afande, naona nyekundu chini ya ile nyeupe."

"Ni mvuvi, ametia nanga," nikamjibu, na sikuinua kichwa kutoka kwenye ramani.

Akanyamaza. Chombo kilichotia nanga hakiwashi taa nyekundu ya ubavu. Nyekundu upande wetu wa kulia ilikuwa na maana moja tu, kwamba tunautazama ubavu wa kushoto wa meli inayokatiza mbele yetu, na aliye na mwenzake upande wa kulia ndiye anayetakiwa kupisha. Nilikuwa nayajua hayo kama ninavyolijua jina langu. Lakini mvuvi alikuwa ameshaingia kichwani kabla ya ile nyekundu, na kila kilichokuja baada yake kilikaribishwa kama mgeni wa mvuvi.

Dakika mbili au tatu baadaye kijana alisema tena, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba atakemewa: "Afande, ile nyekundu haihami."

Niliinua kichwa. Nikaamuru usukani kulia mpaka mwisho, tukapita nyuma yao karibu kiasi kwamba nilisikia redio yao ikipiga taarabu. Walikuwa hawana habari nasi, au walikuwa wanatusubiri tutii sheria. Sikumwita nahodha. Kwenye kitabu cha meli niliandika mwelekeo na mwendo, basi. Na ilipofika 0400, mwenzangu wa zamu iliyofuata aliponiuliza usiku ulikuwaje, nilimjibu neno lile.

## Norwei, 0401

Kwa aibu, mpwa wangu nilimsimulia kwanza habari ya watu wengine.

Tarehe 8 Novemba 2018, manowari ya Norwei iitwayo Helge Ingstad ilikuwa inashuka kusini katika mlango wa bahari wa Hjeltefjord, karibu na Bergen, kwa mwendo wa noti 17 hivi, ikiwa na watu 137. Zamu ya afisa ilibadilishwa katika dakika 20 za mwisho kabla ya 0400. Mbele, upande wa kulia, kulikuwa na mwanga mwingi karibu na kituo cha mafuta cha Sture, na waliokabidhiana waliuchukulia kuwa ni wa kitu kilichosimama. Kumbe sehemu ya mwanga ule ilikuwa ni meli ya mafuta, Sola TS, iliyokuwa imeng'oka gatini na kuanza safari huku taa zake za sitaha zikiwa bado zinawaka, kiasi kwamba taa zake za njia zilipotea katikati yake. Meli ya mafuta iliwaita redioni, ikawataka wageuke kulia mara moja. Manowari ikajibu kwamba haiwezi kugeuka mpaka ikipite kwanza kile kitu, ambacho kwao kilikuwa kimesimama upande huohuo. Saa 0401 zikagongana. Watu wote waliokoka, manowari ilizama.

Uchunguzi ulitaja mambo mengi, ukiwamo uzoefu mdogo wa timu ya darajani, na sina haki ya kuyapunguza yote kuwa moja. Lakini kila ninapoisoma habari hiyo nasimama kwenye makabidhiano. Taa za nchi kavu zingerudi nyuma kiooni kadiri meli ilivyosonga, kama miti ya Boma Ng'ombe. Zile hazikurudi. Walikuwa na rada na vipimo vya kila aina, ila kitu kikishapewa jina la kitu kilichosimama, nani atapoteza dakika kukipima? Tuna methali inayowaonya manahodha wengi kwamba chombo kitaenda mrama. Sijasikia inayozitaja zile dakika chache ambazo mmoja ameshaanza kushuka ngazi na mwingine hajaanza kuona.

## Kumwamsha mkubwa

Nilipomaliza habari ya Norwei nikamsimulia na yangu, yote, hadi lile neno la mwisho. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Mjomba, na kama ungenikemea mara ya pili?"

Kila nahodha huacha maagizo yaliyoandikwa ya lini aitwe, na karibu kila mara mstari wa mwisho husema aitwe wakati wowote afisa wa zamu anapokuwa na shaka. Usiku wa tarehe 17 Juni 2017, baada ya saa 7 usiku, manowari ya Marekani Fitzgerald iligongana na meli ya makontena ACX Crystal karibu na pwani ya Japani, upande wa Bahari ya Pasifiki. Crystal ilikuwa inatokea kulia, hivyo Fitzgerald ndiyo iliyopaswa kupisha. Nahodha alikuwa amelala chumbani mwake, na afisa wa zamu hakumwita. Wanamaji 7 walikufa.

Wengine husoma habari hiyo wakashangaa. Mimi sishangai. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa haamshwi kwa jambo ambalo hujalihakikisha, na kijana anayegonga mlango usiku kusema "sina uhakika" anaonekana amejitakia aibu. Lakini agizo la nahodha limeandikwa kwa ajili ya huyohuyo asiye na uhakika, maana mwenye uhakika hahitaji kumwita mtu. Nilitaka kumwambia mpwa wangu aseme mara ya tatu na ya nne. Nikasita, kwa sababu ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa kwenye kochi Moshi, na aliyemnyamazisha mwangalizi wake usiku ule nilikuwa mimi.

Mwishowe nilimpa kile alichonipa mwangalizi wangu bila kufundishwa na mtu. Hakuniambia kwamba nimekosea. Hakuniambia hata kwamba ile ni meli. Aliniambia haihami. Ukiongeza dira na saa juu ya hapo, ukasema "nyekundu, sifuri-nne-sifuri, na dakika tatu zilizopita ilikuwa sifuri-nne-sifuri", afisa anaweza kukukemea wewe, ila nambari atabaki nayo.

Sikumshukuru kijana yule. Nilimwambia ashuke akanywe chai.

## Zamu ya paa

Usiku wa mwisho kabla ya kuondoka kwake tulipangiana zamu juu ya paa: yeye 0000 hadi 0400, mimi kuanzia hapo. Dada yangu alisema tumerukwa na akili, kisha akatuwekea chai kwenye chupa. Masharti yalikuwa mawili. Kila taa iandikwe kwa rangi, mwelekeo na saa, na hakuna taa kupewa jina.

Nilipanda saa 0335, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikajifunika blanketi hadi masikioni. Hatukuongea. Kibo ilikuwa doa jeusi kwanza, baadaye nikaanza kutofautisha theluji na mawingu.

Saa 0400 akasimama mbele yangu na daftari, tochi yake akiwa ameifunika kwa kitambaa chekundu. "Mjomba, zamu ya 0000 hadi 0400. Saa 0050, taa inayoruka, nyekundu na kijani pamoja ikitokea mashariki, kisha kijani peke yake, ikashuka magharibi. Mbwa upande wa mtaro, 0115 na 0240, sikuona mtu. Taa nyeupe moja, chini, upande wa kusini: 0310 ilikuwa moja-tisa-tano, 0325 moja-tisa-tano, 0340 moja-tisa-tano. Kwa macho yangu haijakua wala haijapungua." Akavuta pumzi. "Nadhani ni..." Akaacha. "Sijui ni nini, mjomba."

Nikamwomba dira, nikapima mwenyewe. Nikapata moja-tisa-saba. Nikapima tena, ikawa ileile.

Tukaziandika zote mbili.